Droni na Mapaa ya Lamu: Wapi Inafaa, Wapi Fundi Apande

SWALI: "Assalamu alaykum. Mimi na ndugu zangu tumerithi nyumba ya ghorofa mbili mtaa wa Mkomani, Lamu. Juu yake kuna paa bapa la boriti na chokaa, na nusu ya paa hilo imejengewa kipaa cha makuti. Tunalo pia ghala la mabati Langoni ambalo tumelikodisha. Mvua za masika zilizopita, maji yaliingia pote pawili. Kijana mmoja anataka tumlipe akague mapaa yote kwa droni, na anasema akishamaliza hakutakuwa na haja ya fundi kupanda. Jirani yetu naye hataki kusikia habari ya droni kupita juu ya nyumba yake. Je, kazi hii ina faida, au tutakuwa tumetupa pesa?"

JIBU: Wa alaykum salaam, dada. Una mapaa matatu ya aina tatu, na thamani ya droni si moja juu ya yote. Kwa ghala la mabati, mlipe kijana huyo bila kusita, ikiwa ana vibali nitakavyovitaja. Kwa kipaa cha makuti, mlipe kwa masharti. Kwa paa bapa la chokaa, pandeni wenyewe kwanza pamoja na mwashi anayeijua kazi ya chokaa, kisha droni ije kukamilisha yale ambayo macho yenu hayakuyafikia. Maneno kwamba fundi hatahitajika tena si kweli kwa paa lolote kati ya hayo, na mtu anayeyasema ama hajui ujenzi ama anauza.

Nianze na ghala, kwa sababu ndilo paa la hatari kuliko yote. Mabati yaliyokaa miaka mingi karibu na bahari hayaaminiki kubeba uzito wa mtu. Anayepanda hukanyaga pale anapodhani pana mbao chini, kumbe mbao yenyewe imeoza au msumari umekwisha kuliwa na kutu, na akianguka huangukia sakafu ya saruji. Hapa droni inaondoa hatari hiyo, na inaweza kupiga picha za paa zima kwa muda mfupi kuliko unaohitajika kusimamisha jukwaa. Picha zionyeshe hasa sehemu tatu: mistari ambapo bati moja linapandana na jingine, vichwa vya misumari, na ukingo wa chini ambako maji hudondokea. Kutu huanza hapo kabla haijaenea, kwa kuwa maji ya chumvi hujificha kwenye mianya hiyo na kukawia kukauka. Kichwa cha msumari kilichoinuka huonekana kwa kivuli chake kidogo, na bati lililozungukwa na rangi ya hudhurungi kwenye tundu la msumari ndilo linalovuja, hata kama sehemu nyingine zote zinang'aa.

Kuna jambo moja kuhusu mabati ya pwani ambalo droni haitakuonyesha kamwe. Upande wa juu wa bati huoshwa na mvua, na chumvi inayoletwa na upepo huondoka nayo. Upande wa chini, hasa kwenye upenu unaotazama bahari, hauoshwi na kitu, kwa hiyo chumvi hujikusanya hapo mwaka baada ya mwaka na kula bati kutoka chini. Picha ya juu inaweza kukuonyesha bati zuri la rangi ya kijani, ilhali chini yake limebaki wembamba wa karatasi. Dawa yake haihitaji teknolojia yoyote: mwombe mpangaji wako afunge milango na madirisha ya ghala wakati wa saa sita mchana, simameni ndani mpaka macho yazoee giza, kisha mtazame juu. Kila tundu litaonekana kama kitone cha mwanga. Wekeni alama kwenye ramani ya karatasi, mhesabu ni safu ya ngapi ya mbao kutoka mlangoni, na ramani hiyo mlinganishe na picha za droni. Pale ambapo kitone cha mwanga na doa la kutu vinakutana, hapo hapahitaji kujadiliwa.

Mng'ao wa jua juu ya mabati huharibu picha. Arushe mapema, kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, au siku yenye mawingu, na kamera iinamishwe badala ya kutazama chini moja kwa moja. Kama ghala lina sehemu yoyote iliyoezekwa kwa asbesto, kama majengo mengi ya zamani ya taasisi, msimpandishe mtu yeyote: vigae hivyo huvunjika kwa uzito wa mtu, na vumbi lake hudhuru mapafu.

Sasa makuti. Hapa picha za juu zina mengi ya kusema, lakini zinahitaji jicho la mwezekaji kuzisoma, kwa maana mtu asiyejua makuti huogopa yasiyo na neno na kupuuza yenye neno. Rangi ya kijivu si ugonjwa. Makuti yote hufika huko baada ya jua la misimu michache. Mashaka yaanze mnapoona madoa meusi au ya kijani yaliyoganda, maana hapo unyevu haukauki na majani yanaoza. Mashaka makubwa zaidi ni pale mnapoona mistari iliyonyooka inayokwenda sambamba kutoka upande hadi upande, kwa kuwa hiyo ni miti ya viungo vyenyewe, yaani vipande vya makuti, ile ambayo majani yalikunjwa na kushonewa. Ikishaonekana juu, maana yake majani yaliyokuwa yakiifunika yamekwisha, na mvua ijayo haitateleza tena bali itapenya. Mgongo wa paa ndio hufunguka kwanza, kwa kuwa unapigwa na upepo wa pande zote mbili, na kunguru wanapenda kukaa hapo na kuvuta majani.

Mabonde ndiyo yatakayokupa faida kubwa ya droni. Paa la makuti likibonyea mahali, kwa kawaida fito au kombamoyo, yaani mti mnene unaobeba fito, limevunjika au limeliwa na mchwa, na mtu aliyesimama chini katika kichochoro cha Mkomani hawezi kuuona mbonyeo huo kwa sababu hana nafasi ya kurudi nyuma. Aliye juu saa sita mchana naye hauoni, kwani jua la utosini halina kivuli. Lakini paa lilelile likipigwa picha jua likiwa chini, asubuhi mapema au baada ya saa kumi alasiri, kila bonde hujaa kivuli na kujitangaza lenyewe. Kwa hiyo katika mapatano yenu andikeni saa ya kurusha, na kijana akikuambia kwamba saa yoyote ni sawa, ujue bado hajakagua makuti mengi.

Masharti niliyoyataja ya makuti yanahusu moto. Betri za droni ni za lithiamu, na betri ya aina hiyo ikipasuka au kubonyezwa kwa kuanguka inaweza kuwaka kwa ghafla na kwa joto kali. Fikiria ikiangukia makuti makavu wakati wa kaskazi, katika mji ambao vipaa vya makuti vinatazamana juu ya vichochoro ambavyo gari la zimamoto haliwezi kuingia. Sisemi kwamba jambo hili hutokea kila siku, ila nasema gharama yake haitakuwa yenu peke yenu. Kwa hiyo betri yoyote iliyovimba au iliyowahi kuanguka isitumike, mpira wa maji uwe umeunganishwa na kufunguliwa kabla droni haijapaa, na mtu mmoja asimame nao juu. Droni pia isisogee karibu mno: upepo wa rafadha zake unatosha kuinua majani yaliyolegea, na ukaguzi haukusudiwi kuongeza matundu. Umbali wa mita tano hutosha kwa picha nzuri. Huko Malindi, ambako hoteli nyingi zina mapaa makubwa ya makuti yenye vilele virefu, tahadhari hizi ni zilezile, isipokuwa huko kuna nafasi ya kusimamisha gari na watu hawajabanana.

Paa bapa ni habari nyingine kabisa. Mababu zetu walilijenga kwa boriti za mikoko, na urefu wa boriti hizo ndio uliofanya vyumba vya Lamu viwe vyembamba, kwa kawaida chini ya mita tatu kwa upana. Juu ya boriti yakapangwa mawe ya matumbawe, na juu ya mawe chokaa iliyopondwa mpaka ikashikana. Paa hili ni zito na nene, na mtu hutembea juu yake. Lilijengwa kwa ajili hiyo. Kama unaweza kupanda ngazi ya nyumba yako mwenyewe ukafika juu, sioni sababu ya kumlipa mtu akuletee picha ya mahali unapoweza kupiga magoti na kupagusa kwa mkono. Panda siku moja baada ya mvua. Tazama maji yaliyosimama, na yakikauka tazama duara za uchafu yalizoacha, kwa kuwa zinakuonyesha mahali ambapo mteremko umepotea. Kagua kila mlizamu, yaani mdomo wa kutolea maji ya paa, kwa kumimina ndoo ya maji: kama maji hayatoki nje kwa kasi, takataka au kiota cha ndege kimeuziba, na huenda mvujo wenu wote umeanzia hapo. Tazama pia kama kuna mche wa mwarobaini au wa mkuyu uliochipua kwenye ufa, kwa maana ndege huleta mbegu, na mzizi ukiachwa hupasua matumbawe. Mche ung'olewe ungali mchanga, na si kukatwa tu juu.

Kama kuna mahali palipowahi kuzibwa kwa saruji, paangalie kwa makini zaidi ya pengine pote. Saruji ni ngumu kuliko chokaa na haipumui kama chokaa. Paa linapopata joto na kupoa, vitu hivyo viwili haviendi pamoja, na ufa hutokea pembezoni mwa kiraka. Maji yaliyoingia kwenye ufa huo hunaswa chini ya saruji na kutafuta njia kwenye boriti. Viraka vya namna hiyo ni chanzo kikubwa cha uvujaji katika nyumba za kale, na hakuna droni itakayokuambia kilicho chini yake.

Vivyo hivyo hali ya boriti. Boriti iliyobunguliwa ndani huonekana nzima kwa nje. Fundi huijua kwa kuigonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza, kisha kuichoma kwa ncha ya msumari karibu na ukuta, pale inapoingia ndani ya matumbawe, kwa kuwa unyevu wa ukuta huanza kuila hapo. Kazi hii hufanywa kutoka chumbani, chini ya dari, na ni nusu nzima ya ukaguzi wa paa bapa.

Kwenye paa bapa droni inafaa kwa kuta za nje. Kuta fupi za ukingoni huonekana vizuri kutoka ndani, lakini upande wake wa nje, unaotazama kichochoro, haumwonekanii mtu yeyote: aliye chini amebanwa na aliye juu hawezi kuinama bila kuhatarisha maisha. Plasta ikivimba au jiwe likilegea upande huo, litamwangukia mpita njia. Droni ikishuka taratibu kando ya ukuta inaweza kupiga picha za upande huo wote pamoja na midomo ya milizamu. Hata hivyo huo ndio mruko mgumu kuliko yote, kwa sababu katikati ya kuta ndefu mawimbi ya satelaiti hupotea na droni hubaki ikitegemea mikono ya rubani. Kama hana ujuzi huo, afadhali mfunge kamera kwenye fimbo ndefu mkaiteremshe.

Huenda kijana akakushawishi ulipie zaidi kwa kamera ya joto. Kimsingi, mahali palipojaa maji huchelewa kupoa baada ya jua kutua, na kamera hiyo huona tofauti. Kwa mabati haina maana, kwa sababu chuma kinachong'aa hurudisha taswira ya anga na kudanganya kipimo. Kwa paa nene la matumbawe, jengo zima hukawia kupoa, kwa hiyo tofauti huwa ndogo na rahisi kusomwa vibaya. Zaidi ya hayo, saa inayofaa ni baada ya magharibi, na kurusha droni usiku kunahitaji ruhusa ya pekee. Weka pesa hizo kwa fundi.

Muulize pia atarusha kwa umbali gani, kwani picha nzuri machoni si lazima iwe picha ya ukaguzi. Kwa kamera ya pikseli milioni 20 yenye kitambuzi cha inchi 1, ikiwa mita 30 kutoka kwenye paa, kila nukta ya picha huwakilisha upana wa takriban milimita 8. Ikiwa mita 10, ni kama milimita 2.7. Nyufa nyingi za chokaa ambazo maji hupitia ni nyembamba kuliko hapo. Kwa hiyo picha moja ya kupendeza ya nyumba nzima pamoja na mashua nyuma yake inafaa kuwekwa ukutani, lakini ukaguzi ni picha nyingi za karibu, zinazopandana kwa asilimia 70 au zaidi, ili paa zima liweze kuunganishwa kuwa picha moja yenye vipimo.

Upepo wa Lamu unaujua kuliko mimi. Kusi la katikati ya mwaka si rafiki wa vyombo vidogo, na droni ndogo nyingi hutangazwa kuhimili upepo wa takriban mita 10 kwa sekunde, tena katika hali tulivu kuliko msukosuko unaotokea upepo unapopiga ukingo wa paa. Majira ya tanga mbili, yaani kati ya kusi na kaskazi, au asubuhi tulivu za kaskazi, ndiyo nafasi. Apaishe kutoka juu ya meza ya mbao, mbali na mabati na nondo, kwani chuma huvuruga dira yake. Na aanze kwa kwenda upande upepo unakotoka, ili wakati wa kurudi betri imepungua upepo umsaidie. Akifanya kinyume, droni itaishia kwenye mkondo wa Manda.

Nije kwa sheria. Nchini Kenya droni husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, chini ya kanuni za mwaka 2020. Chombo kinapaswa kusajiliwa, na anayerusha kwa malipo awe na leseni ya rubani na cheti cha uendeshaji, pamoja na bima ya kufidia watu wengine. Kikomo cha kawaida ni futi 400 kutoka ardhini, yaani kama mita 120, na kwa paa la nyumba hutahitaji hata robo ya hapo. Suala kubwa kwenu ni kwamba kiwanja cha ndege cha Manda kiko ng'ambo tu ya maji, na kurusha karibu na kiwanja kunahitaji idhini iliyotolewa kabla. Mwambie akuonyeshe karatasi zote hizo, zenye jina lake na namba ya chombo hicho hicho, si cha rafiki yake. Kwa hali ya usalama ya kaunti yetu, kituo cha polisi na chifu wajue siku na saa mapema. Na kwa kuwa Mkomani imo ndani ya mji mkongwe ulioorodheshwa na UNESCO mwaka 2001 kuwa urithi wa dunia, pita ofisi ya Makumbusho ya Taifa iliyopo mjini kabla hata ya kuagiza chokaa, maana matengenezo ya nje nayo yana taratibu zake.

Jirani yako ana haki, na nadhani unalijua hilo. Mapaa ya Lamu ni sehemu ya ndani ya nyumba: wanawake hukaa huko jioni bila buibui, nguo huanikwa, watoto hulala huko usiku wa joto. Faragha ya nyumba inalindwa na kifungu cha 31 cha Katiba, na picha za watu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, lakini hata bila sheria hizo mtu mwenye adabu angebisha hodi. Nenda mwenyewe, si kijana wa droni, ukaongee na kila nyumba inayopakana nanyi. Wape siku na saa kamili, na uwaahidi kwamba kamera itaelekezwa kwenu tu. Mkaribishe jirani huyo aliyekataa, au mtu wake, asimame karibu na rubani atazame kioo wakati wote wa kurusha, na picha yoyote iliyonasa kwake ifutwe mbele yake kabla droni haijafungwa mkobani. Akiendelea kukataa, basi upande wake wa paa ukaguliwe kwa ngazi.

Malipo yagawanywe. Sehemu ya mwisho itoke baada ya kupokea picha zote zilivyotoka kwenye kamera, si zile zilizotumwa kwa WhatsApp, ambayo huzibana na kupoteza maelezo madogo tunayoyatafuta. Kila picha ionyeshe ni paa lipi na upande upi, na kuwe na mchoro wa paa wenye alama za mahali penye hitilafu. Mapatano yaandike pia kwamba picha ni mali ya warithi na hazitawekwa popote bila idhini yenu. Ndugu zako walio mbali wapewe nakala ileile, na fundi wa makuti na mwashi waketi nazo pamoja nawe kabla ya kutaja bei. Kila mmoja aoneshe kwa kidole, kwenye picha, ni wapi hasa anakusudia kuezua na wapi atapaacha.